Russell Pearce wa Arizona: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mjadala wa uhamiaji ukipamba moto Marekani, jina la Russell Pearce huibuka tena, mara nyingi likiwa limezungukwa na nusu ya ukweli. Wanaompenda humfanya shujaa aliyetetea sheria, wanaomchukia humfanya jitu. Hapa tumekusanya maswali yanayorudiwa zaidi, tukianza na yale ya msingi. Pale jibu lilipo kwingine, tumeelekeza kwa namba.

## Mambo ya msingi

1. Russell Pearce alikuwa nani?

Alikuwa mwanasiasa wa chama cha Republican katika jimbo la Arizona, kusini-magharibi mwa Marekani, mpakani na Mexico. Alizaliwa katika mji wa Mesa tarehe 23 Juni 1947 na akafariki tarehe 5 Januari 2023, akiwa na umri wa miaka 75. Alikuwa askari, kisha mkuu wa idara ya magari ya jimbo, mbunge, seneta, na hatimaye Rais wa Seneti ya Arizona. Nje ya Arizona anakumbukwa kwa mambo mawili: sheria ya uhamiaji ya 2010 inayoitwa SB 1070, na kura ya Novemba 2011 ambayo wapiga kura wa mji wake walimng'oa nayo kabla muhula wake haujaisha.

2. Alikuwa seneta wa Marekani?

Hapana, na hapa ndipo wengi huteleza. Kila jimbo la Marekani lina katiba yake, gavana wake, mahakama zake na bunge lake. Bunge la Arizona lina wilaya 30 za uchaguzi, na kila wilaya hupeleka seneta mmoja na wawakilishi wawili, wote kwa mihula ya miaka miwili. Pearce hakuwahi kushika kiti chochote Washington. Mshahara wa mbunge wa Arizona kwa miaka yote aliyokuwamo ulikuwa dola 24,000 kwa mwaka, kiasi ambacho ni kidogo kwa maisha ya huko.

Jambo hili lina uzito. Mtu aliyechaguliwa na wakazi wa upande mmoja tu wa mji wa Mesa alitunga sheria iliyomfanya Rais wa nchi atoe kauli, ikaipeleka serikali kuu mahakamani, na ikanakiliwa na majimbo mengine. Ukitaka kuielewa siasa ya Marekani kwa kutazama Ikulu ya Washington pekee, hutawaona watu wa aina ya Pearce, ilhali sheria zinazomgusa mtu barabarani, kazini na shuleni nyingi hutoka mikononi mwao.

3. Kabla ya siasa alifanya kazi gani?

Alitumikia miaka mingi katika ofisi ya sheriff (mkuu wa polisi wa kaunti) wa Kaunti ya Maricopa, kaunti yenye miji ya Phoenix na Mesa, hadi akawa naibu mkuu wa Sheriff Joe Arpaio. Mwaka 1977, akiwa kazini katika mji mdogo wa Guadalupe, alipigwa risasi na kijana mmoja, akapoteza sehemu ya kidole cha pete cha mkono wa kulia. Mwaka 1993 kaunti ilifungua jela ya mahema katika joto la jangwani, jela iliyompa Arpaio sifa na lawama dunia nzima. Pearce alisema wazo lile lilikuwa lake.

Mwaka 1995 alipewa kuongoza idara ya magari ya jimbo, inayotoa leseni za udereva. Alifukuzwa mwaka 1999 baada ya uchunguzi kuhusu rekodi ya dereva mmoja iliyobadilishwa. Yeye alikana kosa. Mwaka uliofuata aligombea ubunge akashinda.

4. Ni kweli alianza kuwaandama wahamiaji baada ya mwanawe kupigwa risasi?

Hapana, ingawa simulizi hii husikika sana. Mwanawe, ambaye naye alikuwa askari wa sheriff, alipigwa risasi Desemba 2004 na mhamiaji asiye na vibali, akapona. Ni jeraha ambalo mzazi yeyote angelibeba moyoni, na si haki kulibeza. Lakini tazama kalenda: Pendekezo 200, kura ya maoni kuhusu wahamiaji ambayo Pearce aliipigania, lilipitishwa Novemba 2004, mwezi mmoja kabla ya tukio hilo. Msimamo ulikuwapo tayari. Risasi ile iliuongezea hasira, haikuuzaa.

## Sheria alizozitunga

5. Mbali na SB 1070, alipitisha nini?

Mengi, na hapo ndipo uwezo wake ulipoonekana. Aliingia Baraza la Wawakilishi la jimbo mwaka 2001, akaongoza kamati ya matumizi ya fedha, kamati ambayo kila mwenye shida ya bajeti hulazimika kupita mlangoni kwake. Ukomo wa mihula ulipomfikia alihamia Seneti mwaka 2009.

Pendekezo 200 la 2004 lilimtaka mtu aonyeshe uthibitisho wa uraia anapojiandikisha kupiga kura. Mwaka 2006 wapiga kura walipitisha mapendekezo kadhaa kwa mkupuo: Kiingereza kikawa lugha rasmi ya jimbo, washtakiwa wa makosa makubwa wasio na vibali wakanyimwa dhamana, na wanafunzi wasio na vibali wakanyimwa ada nafuu ya vyuo vya umma.

Mwaka 2007 ikaja sheria ya waajiri, ambayo kwa maoni yetu ndiyo iliyotungwa kwa ustadi kuliko zote. Iliwalazimu waajiri kumhakiki kila mfanyakazi mpya kupitia mfumo wa serikali kuu uitwao E-Verify, na kampuni iliyokutwa mara ya pili ikiajiri kwa makusudi watu wasio na vibali ingeweza kunyang'anywa leseni ya biashara. Gavana aliyeitia sahihi alikuwa Janet Napolitano wa chama cha Democratic. Wenye biashara walipinga hadi Mahakama Kuu ya Marekani, wakashindwa Mei 2011 kwa kura 5 dhidi ya 3.

Pia alileta sheria ya 2010 iliyoruhusu mtu mzima kubeba bunduki iliyofichwa bila kibali. Wakati huo ni Alaska na Vermont tu zilizokuwa na ruhusa ya namna hiyo.

6. SB 1070 ilisema nini hasa?

Chukua mfano wa dereva aliyesimamishwa Mesa kwa sababu taa ya nyuma ya gari lake imeungua. Kabla ya sheria hii, askari angeandika faini na safari ingeendelea. Chini ya kifungu cha 2(B), askari akiwa na shaka yenye msingi kwamba dereva yuko nchini bila vibali, alitakiwa kujaribu kuthibitisha hali yake kwa serikali kuu. Shaka hiyo inatoka wapi? Lafudhi? Viatu? Rangi ya ngozi? Swali hilo ndilo lililowatoa watu barabarani kuandamana.

Kulikuwa na vifungu vingine vitatu vilivyopiganiwa sana. Kimoja kilifanya kuwa kosa la jimbo mhamiaji kutembea bila hati zake za usajili. Kingine kilifanya kuwa kosa la jinai mtu asiye na vibali kutafuta au kufanya kazi. Cha tatu kilimruhusu askari kumkamata mtu bila hati ya mahakama kwa kuamini tu kwamba ametenda kosa linaloweza kumfanya afukuzwe nchini.

Wiki moja baada ya sahihi ya gavana, Bunge lilirekebisha maneno ili askari aulize hati pale tu alipomsimamisha au kumkamata mtu kihalali kwa jambo jingine, na likapiga marufuku kutumia rangi au asili ya mtu kama kigezo. Wapinzani walisema marufuku ya karatasini haimzuii askari aliye peke yake barabarani usiku. Historia ya ofisi ya sheriff wa Maricopa iliwapa sababu za kusema hivyo (tazama swali la 17).

7. Kwa nini ilipita mwaka 2010 na si kabla?

Pearce alikuwa ameleta vipande vya mawazo hayo miaka ya nyuma, na Napolitano, akiwa gavana, akavikataa kwa kura ya turufu. Januari 2009 Napolitano alikwenda Washington kuwa waziri katika serikali ya Obama, na kiti chake kikashikwa na Jan Brewer wa Republican. Kisha Machi 2010 mfugaji mmoja aliuawa kwenye ranchi yake karibu na mpaka, na wengi wakaamini muuaji ni mtu aliyevuka kutoka Mexico. Uchumi nao ulikuwa umeporomoka, nyumba zimenadiwa, watu hawana kazi. Baraza la Wawakilishi liliupitisha muswada kwa kura 35 dhidi ya 21, Seneti kwa 17 dhidi ya 11, na Brewer akautia sahihi tarehe 23 Aprili 2010.

8. Aliiandika peke yake?

La. Mwanasheria Kris Kobach wa Kansas alisaidia kuiandika. Pearce ndiye aliyeibeba, akaitetea na kutafuta kura.

9. Mahakama ziliamua nini?

Wizara ya Sheria ya Marekani ilishtaki tarehe 6 Julai 2010. Tarehe 28 Julai, siku moja kabla sheria haijaanza, Jaji Susan Bolton wa Phoenix alisimamisha vifungu vikuu. Kesi ilifika Mahakama Kuu, na tarehe 25 Juni 2012 vifungu vitatu kati ya vinne vilivyobishaniwa vilitupwa: uhamiaji ni kazi ya serikali kuu, jimbo haliwezi kujitungia makosa yake juu ya hayo. Kifungu cha 2(B) kiliachwa, huku mlango ukiachwa wazi kwa kesi za baadaye kuhusu namna kinavyotumika.

Kila upande ulijitangazia ushindi siku hiyo. Kwa hesabu ya vifungu, Pearce alishindwa. Kwa mtu aliyesimamishwa barabarani, kifungu kilichobaki ndicho kilichokuwa cha kuogopwa zaidi.

10. Upinzani ulikuja kutoka wapi?

Kutoka kila upande, hata ule usiotarajiwa. Tarehe 5 Mei 2010 wachezaji wa kikapu wa Phoenix Suns waliingia uwanjani na jezi zilizoandikwa Los Suns, kwa baraka za mmiliki wa timu. Baraza la jiji la Los Angeles lilipiga kura ya kuisusia Arizona. Mikutano mikubwa ikahamishwa, hoteli zikahesabu hasara.

Pigo lililomuumiza Pearce zaidi lilitoka nyumbani. Mwanzoni mwa 2011, akiwa ameshakuwa Rais wa Seneti, aliunga mkono miswada mingine mitano, ikiwamo ya kuwakatalia uraia watoto wanaozaliwa Marekani na wazazi wasio na vibali. Wakuu 60 wa makampuni na hospitali za Arizona waliandika barua ya wazi wakiomba jimbo liachane na jambo hilo. Tarehe 17 Machi 2011 Seneti, ambayo Republican walikuwa na wingi mkubwa ndani yake, iliiangusha miswada yote mitano. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza Seneti hiyo.

## Kura ya kumng'oa

11. Kura ya kumng'oa mbunge hufanyikaje Arizona?

Wananchi hukusanya sahihi za wapiga kura wa eneo husika, zisizopungua robo ya kura zilizopigwa kwa kiti hicho katika uchaguzi uliopita. Zikitimia, uchaguzi mpya huitishwa, na mwenye kiti hugombea pamoja na wengine. Hakuna mchujo wa vyama. Kila mpiga kura wa wilaya, awe Republican, Democratic au asiye na chama, hupewa karatasi moja.

Haki hii Arizona iliipigania tangu kuzaliwa kwake. Mwaka 1911 Rais Taft aliikataa katiba yao kwa sababu iliruhusu kung'oa hata majaji. Wakakitoa kipengele hicho, wakapokelewa kuwa jimbo tarehe 14 Februari 1912, na mwaka huohuo wakakirudisha.

12. Nani walimng'oa? Si walikuwa Democratic?

Hili ndilo jibu tunalotaka lisomwe polepole. Kampeni ya sahihi iliongozwa na mwanaharakati Randy Parraz wa mrengo wa kushoto, hiyo ni kweli. Zilihitajika sahihi 7,756, wao wakawasilisha zaidi ya 18,000 tarehe 31 Mei 2011, na 10,365 zikathibitishwa. Lakini Wilaya ya 18, ile ya Pearce, ilikuwa ngome ya Republican. Hapo Mdemokrati asingeweza kumshinda Pearce.

Aliyejitokeza alikuwa Jerry Lewis: Mrepublican, mhasibu, msimamizi wa shule, na kiongozi aliyeheshimika katika kanisa la Wamormoni, kanisa lilelile la Pearce. Mesa ilianzishwa na Wamormoni mwaka 1878, na kule jirani na hekalu lao watu hujuana kwa majina. Novemba 2010 viongozi wa jamii katika jimbo la Utah walikuwa wametoa tamko lililotaka sera za uhamiaji zisivunje familia, na makao makuu ya kanisa mjini Salt Lake City yakaliunga mkono. Waumini wengi wa Mesa walijikuta hawawezi tena kusema kwamba msimamo wa Pearce ndio msimamo wa imani yao.

Tarehe 8 Novemba 2011 Lewis alishinda bila utata. Pearce akawa mbunge wa kwanza katika historia ya Arizona kung'olewa kwa njia hiyo. Wahamiaji wasio na vibali hawakuwa na kura. Walioamua ni majirani zake, wengi wao wahafidhina, waliochoka kuona mji wao ukitajwa dunia nzima kwa hasira.

13. Habari ya mgombea pandikizi ni ya kweli?

Ndiyo. Mgombea wa tatu, mwanamke mzaliwa wa Mexico ambaye hakuwa na historia ya siasa, alijitokeza, na wapinzani wakaenda mahakamani wakidai amewekwa agawe kura za Walatino, yaani Wamarekani wenye asili ya Mexico na Amerika ya Kilatini. Ilibainika kwamba wapwa wa Pearce walikuwa miongoni mwa waliomkusanyia sahihi. Jaji aliona kwamba wafuasi wa Pearce walimtafuta ili kupunguza kura za mpinzani, ila hakumwondoa. Mwanamke huyo alijitoa mwenyewe Oktoba 2011, karatasi zikiwa zimeshachapwa na jina lake.

14. Ni SB 1070 tu iliyomwangusha?

Haikuwa peke yake. Ripoti ya Machi 2011 kuhusu shirika linaloandaa Fiesta Bowl, mchezo wa kila mwaka wa kandanda ya Kimarekani, ilionyesha wanasiasa wengi wa Arizona walipewa safari na tiketi za bure, na Pearce alikuwa miongoni mwa waliotajwa zaidi. Mwendesha mashtaka wa kaunti aliamua kutowashtaki. Bajeti ya mwaka huo ilikata pia fedha za elimu na afya.

15. Alijaribu kurudi?

Alijaribu. Agosti 2012 aligombea tena katika mchujo wa Republican, safari hii ndani ya chama chake bila kura ya Democratic hata moja, na akashindwa na mfanyabiashara Bob Worsley, mwanzilishi wa SkyMall na Mmormoni mwingine. Matokeo haya huwajibu wanaosema kwamba 2011 aling'olewa kwa hila za wapinzani. Baadaye alifanya kazi katika ofisi ya mweka hazina wa kaunti, na akawa makamu wa kwanza wa mwenyekiti wa chama jimboni. Lewis naye hakudumu. Alishindwa katika uchaguzi wa 2012 baada ya mipaka ya wilaya kuchorwa upya.

## Maneno yake na watu wake

16. Alikuwa mbaguzi wa rangi?

Yeye alikana, akisema anachotetea ni utawala wa sheria. Tunaweka matendo mezani. Mwaka 2006 alisifu hadharani operesheni ya 1954 ya kuwafukuza Wamexico kwa wingi na kutaka irudishwe. Mwaka huohuo aliwatumia wafuasi wake makala ya kundi la National Alliance, kundi la wazungu wenye siasa za Kinazi, kisha akaomba radhi akisema hakujua ilikotoka. Mwaka huohuo tena alimuunga mkono J. T. Ready kugombea udiwani wa Mesa. Ready baadaye alijitokeza waziwazi kama Mnazi mamboleo, Pearce akajitenga naye. Mei 2012 Ready aliua watu wanne, akiwamo mtoto mdogo, kisha akajiua.

Septemba 2014, akizungumza redioni kuhusu wanawake wanaopata bima ya afya ya umma, Pearce alisema kwamba kama yeye ndiye angesimamia angeanza na vipandikizi vya kuzuia mimba au kufunga kizazi. Wagombea wa chama chake mwenyewe walimkemea. Alidai maneno yalikuwa ya mtu mwingine ambaye alisahau kumtaja, akajiuzulu nafasi yake ya chama.

Tukio moja laweza kuwa bahati mbaya. Kwa Pearce matukio ni mengi mno, na sisi hatuwezi kuyaita bahati mbaya.

## Maswali ya pembeni

17. Kwa nini watu humchanganya na Joe Arpaio?

Kwa sababu walifanya kazi pamoja (swali la 3) na walisema lugha moja. Arpaio alikuwa sheriff, mtekelezaji. Pearce alikuwa mtunga sheria. Mwaka 2013 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba ofisi ya Arpaio iliwabagua Walatino katika usimamishaji wa magari.

18. Mimi ni mkimbizi kutoka Kongo, naishi Phoenix. Kifungu cha 2(B) kinanigusa?

Phoenix na Tucson zina familia nyingi za Wakongo, Warundi na Wasomali, na swali hili huulizwa kwa Kiswahili kila mara. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi yuko nchini kihalali. Leseni halali ya udereva ya Arizona huchukuliwa chini ya sheria hiyo kuwa dalili tosha kwamba mwenye nayo yupo kihalali. Zaidi ya hapo, sheria ya serikali kuu, ambayo ni ya zamani kuliko Pearce, humtaka mgeni mwenye miaka 18 na zaidi awe na hati yake ya usajili. Mwaka 2016, katika mapatano ya kumaliza kesi, mwanasheria mkuu wa jimbo alitoa mwongozo kwamba askari wasirefushe kumshikilia mtu kwa ajili tu ya kuhakiki hati. Kwa shauri lako binafsi, muone wakili wa uhamiaji.

19. Majimbo mengine yalimfuata?

Ndiyo. Mwaka 2011 Alabama, Georgia, South Carolina, Indiana na Utah zilipitisha sheria zenye sura ya SB 1070. Ya Alabama ilikuwa kali kupita zote. Nyingi zilipunguzwa makali mahakamani, hasa baada ya hukumu ya 2012 (swali la 9).

20. Katika kazi zake, nini kimebaki?

Sheria ya waajiri ipo. Kiingereza bado ni lugha rasmi. Kunyima dhamana kulibatilishwa na mahakama ya rufaa mwaka 2014. Kuhusu uthibitisho wa uraia, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2013 kwamba fomu ya shirikisho ya kujiandikisha lazima ikubaliwe, na mabishano juu yake hayajakoma. Novemba 2022 wapiga kura wa Arizona waliwarudishia wanafunzi wasio na vibali ada nafuu ya vyuo kwa wingi mdogo. Pearce aliishi hadi kuona matokeo hayo. Miaka miwili baadaye, wapiga kura wa jimbo hilohilo walipitisha Pendekezo 314, linalofanya kuwa kosa la jimbo kuvuka mpaka nje ya vituo rasmi, na utekelezaji wa sehemu hiyo ukafungamanishwa na hatima ya sheria kama hiyo ya Texas mahakamani.